Ua, Ua na Ua: Hotuba ya Mikindani

Maneno haya niliyasema Mikindani tarehe 3 Juni, Siku ya Baiskeli Duniani, chini ya mwembe, baada ya mzunguko wetu wa asubuhi. Waliokosa, hasa wale ambao baiskeli zao zilikuwa zimelala kwa fundi, wameniomba niyaweke yote kama yalivyokuwa. Picha nimeziacha. Hata siku yenyewe mashine ya kuzionyesha iligoma, nikabaki na mdomo wangu tu.

Assalamu alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Na nyinyi vijana mliokalia keria za baiskeli wakati mikeka imetandikwa, hamjambo?

Marahaba.

Wenyeji wetu, asanteni kwa uji na kwa mihogo ya nazi. Nimepewa dakika ishirini. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha sayansi shule za msingi tangu enzi za chaki ya kugawana, kwa hiyo mnajua dakika ishirini za mwalimu zinavyokuwa. Mwenye haraka akae karibu na njia.

Kitendawili!

Tega!

Nikiwa mtoto mnaniua, nikiwa mtu mzima mnanipiga picha.

Nani kasema mchezaji mpira? Hapana. Huyu bwana wa kofia anasema korosho. Korosho haipigwi picha, baba, korosho inapigwa bei. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Newala? Haya. Nimekwenda Newala, nimesimama Shimo la Mungu, nimeliangalia bonde la Ruvuma mpaka macho yakachoka, wenyeji wamenikaribisha, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni kipepeo.

Sasa shikeni neno moja nililokuja nalo. Ni fupi, lina herufi mbili. Ua. Kuna ua hili, la kunusa, la kuchomeka nyweleni. Kuna ua huu, wa makuti, unaozunguka nyumba ili jirani asijue unakula nini. Na kuna ua! la amri, analoambiwa mtoto akiona mdudu: ua huyo! Kiswahili kimeyaweka yote matatu mahali pamoja, na leo asubuhi kwa baiskeli tumepita katika yote matatu. Na katika yote matatu alikuwepo kipepeo.

Mliokuwepo mnakumbuka tulivyoondoka. Saa moja asubuhi, ghuba imetulia, kusi bado haijaamka. Tukapita chini ya Boma la Wajerumani, tukapita pale penye kibao cha Livingstone, yule aliyeanzia safari yake hapa mwaka 1866 kwa miguu. Kila mgeni huonyeshwa kibao kile. Hakuna anayeonyeshwa magugu yaliyo mbele yake, na leo magugu yale yalikuwa na vipepeo wanne wa manjano, mimi nimewahesabu wakati wa kurudi. Kisha tukaiacha lami, tukaingia njia za mikorosho kuelekea upande wa Naliendele.

Saa nzima ya kwanza hatukuona kipepeo hata mmoja. Kweli au si kweli? Kuna kijana, simtaji, aliniambia: "Bibi, umetuamsha alfajiri kuja kuangalia majani?" Nikamwambia ngoja. Kipepeo hana jiko tumboni kama sisi. Joto lake analiazima kwa jua. Asubuhi ya Juni hapa kwetu, na umande ule, anakuwa amejibana chini ya jani kama mtu aliyekosa shuka. Hawezi kuruka. Mpaka mwili wake upate moto, karibu nyuzi 30 hivi, ndipo misuli ya mabawa inakubali. Kwa hiyo ilipokaribia saa tatu, jua lilipoanza kuuma mgongoni, nini kilitokea? Njia nzima ikafunguka. Mbele ya gurudumu langu, kwenye mchanga mtupu, amekaa mweusi mwenye madoa mawili ya buluu yanayong'aa kwenye mabawa ya nyuma, mabawa kayatandaza kama mtu anayeanika kanga. Anaota jua. Ukimkuta saa hiyo unamwona vizuri kuliko saa sita, kwa sababu saa sita ameshashiba joto, ukimsogelea anakukimbia.

Na ndiyo maana nasema baiskeli. Kwa miguu ungefika Naliendele jua limekwisha kuwa kali. Kwa bodaboda ungefika mapema, lakini ungeona nini? Ungeona mgongo wa dereva. Baiskeli haipigi kelele, haitoi moshi, na mtu akitaka kusimama anasimama. Kwenye mchanga wa huku kwetu hata asipotaka kusimama atasimama.

Nicheke mwenyewe kwanza kabla hamjanicheka. Mimi baiskeli nilifundishwa na mjomba wangu. Alikuwa na Swala, ile iliyokuwa ikitengenezwa hapahapa nchini, yenye mlingoti. Mimi mtoto wa kike, mfupi, na kanga kiunoni. Siti siifikii. Nikawa napenyeza mguu mmoja chini ya mlingoti, mwili umepinda upande kama kaa, naendesha hivyohivyo. Wanawake wenzangu wa rika langu mnajua. Majirani wakamwambia mjomba, huyu binti atakuwa mhuni. Mjomba akawajibu kwamba mhuni mwenye baiskeli angalau atawahi kurudi nyumbani. Mungu amrehemu.

Basi nilipokuwa mwalimu kijana, nikapangiwa shule ya ndani huko, nikanunua Phoenix yangu. Mwezi wa Novemba, msimu wa korosho. Mnajua Novemba chini ya mikorosho pakoje: korosho zimeokotwa, mabibo yameachwa, yanachacha, harufu ya uraka, ile pombe ya mabibo, imetanda kama kuna sherehe. Natoka shuleni, naona kipepeo mkubwa kama kiganja, ana mikia nyuma ya mabawa, anapita kwa kasi kama amerushwa na manati. Sijawahi kuona kipepeo anaruka vile. Nikamfuata. Macho juu, mikono kwenye usukani, na mbele yangu mchanga. Gurudumu la mbele likazama, mimi nikaendelea na safari bila baiskeli.

Nilipofungua macho nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye rundo la mabibo. Na kipepeo wangu alikuwa pale, hatua moja kutoka puani kwangu, na wenzake wawili, mrija umezama kwenye bibo lililooza. Hawakujali. Mmoja nilimgusa bawa kwa kidole, akasogea kidogo kama mlevi anayeambiwa apishe njia. Wazee wa uraka mnacheka kwa sababu mnamjua.

Huyo wataalamu humwita Charaxes, na jamii yake ni kubwa Afrika. Nataka mjue habari yake mapema, kwa sababu mada mliyonipa ni vipepeo na maua ya porini, na huyu maua hana habari nayo. Yeye ni wa matunda yaliyochacha, utomvu wa miti, na, samahanini mama zangu mnaokunywa uji, hata mavi ya chui akiyapata. Uzuri wake wote ule, chakula ni hicho. Kwa hiyo ukienda kumtafuta kwenye maua utarudi ukisema Mtwara hakuna vipepeo wakubwa. Wapo. Wako kilabuni.

Haya, tuje kwenye ua lenyewe. Ua la kunusa.

Leo ua lililotupa vipepeo wengi kuliko mengine ni lipi? Mnalijua, na hakuna aliyelipanda. Angalieni pindo za suruali zenu. Zile mbegu nyeusi zilizowang'ang'ania ni za kishona nguo. Kauwa kake kadogo, kati njano, pembeni vipande vyeupe vichache, au hata hakana. Ukimpelekea mchumba atakuona bahili. Lakini kwa kipepeo lile ni duka la jumla. Kwa sababu lile tunaloliona ua moja, ndani ni vijiua vingi vimebanana, na kila kimoja kina tone la asali yake. Kipepeo anatua mara moja, anakula mara ishirini.

Na anakulaje? Mrija wake umejikunja chini ya kichwa kama springi ya saa. Akitua anaukunjua. Lakini kabla hajaukunjua, tayari ameshaonja, kwa miguu. Ndiyo, kwa miguu! Ana vionjeo kwenye nyayo. Wewe ukikanyaga uji unaona umechafuka, yeye angesema una sukari. Leo kuna binti hapa, huyu wa hijabu ya kijani, kipepeo mweupe alitua kwenye mpini wa usukani wake pale tulipopumzika, akakaa karibu dakika nzima, na binti hakupumua. Unajua alikuwa anafanya nini, mwanangu? Alikuwa anakunywa jasho lako. Chumvi. Maua yana sukari, hayana chumvi ya kutosha. Ndiyo sababu pale bombani, maji yalipomwagika mchangani, tulikuta kundi zima wamejipanga kama wamesubiri zamu ya ndoo. Wale karibu wote huwa madume. Wanakusanya chumvi, na wakikutana na majike wanawapa, iende kwenye mayai. Ni mahari, tuseme.

Watu wengi hupenda niseme kwamba vipepeo wakiisha na korosho zitaisha. Sitawadanganya. Kazi kubwa ya kuchavusha wanaifanya nyuki na nzi, na wadudu wengine ambao hakuna anayewapiga picha. Kipepeo anasaidia, lakini kazi yake si ya nyuki. Simtetei kwa sababu ya korosho.

Sasa nipeni nafasi nikae kidogo kwenye jambo moja, maana hili ndilo lililonifanya nianze kubeba daftari kwenye keria.

Mwaka mmoja, mwanafunzi wa darasa la sita aliniletea chupa ya soda yenye vipepeo wawili. Wote rangi ya chungwa, wote ncha za mabawa nyeusi na alama nyeupe. Akaniuliza: "Mwalimu, hawa ni pacha?" Nikamwambia ni wa aina moja, mwana sayansi wangu, waachie wakaruke. Akasema: "Lakini huyu mmoja ana doa moja tu." Nikamwambia mtoto mwingine naye huzaliwa na baka. Nikafunga mjadala. Mnajua walimu tunavyofunga mjadala.

Yule mtoto alikuwa sahihi na mimi nilikuwa nimekosea, na ilinichukua likizo tatu kujua hivyo.

Wa kwanza, Danaus chrysippus, ndiye yule anayeruka taratibu kandokando ya njia zetu, hana wasiwasi, kama mtoto wa mwenyekiti. Kwa nini hana wasiwasi? Kwa sababu ana sumu. Alipokuwa kiwavi alikula mimea ya porini ya utomvu mweupe. Sisemi mnyaa wa ua, nasema ile jamii nyingine, ambayo mbegu zake zina manyoya ya kuruka kama pamba. Utomvu ule una sumu inayogusa moyo. Kiwavi anaila, haimdhuru, anaiweka mwilini, anakua nayo mpaka anaota mabawa. Ndege akimmeza anatapika, na ndege akitapika mara moja hasahau rangi ile. Kiwavi mwenyewe hajifichi: mistari myeusi, myeupe, na njano, na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni. Amevaa sare ya hatari.

Wa pili ni Hypolimnas misippus. Hana sumu hata chembe. Ndege akimpata ni chakula kitamu. Afanyeje? Jike wake amevaa nguo za yule mwenye sumu. Rangi ileile, ncha zilezile, na hata mwendo amejifunza kuwa wa taratibu. Ndege anamwona, anakumbuka tumbo lilivyomsokota, anaghairi. Na dume wake? Dume hakuiga kitu. Ni mweusi, madoa makubwa meupe yenye mng'ao wa zambarau pembeni, ukiwaona pamoja huwezi kuamini kwamba ni mke na mume. Mama zangu, nyumba ile anayebeba hatari ya kutaga ni mama, basi na ujanja amepewa mama.

Utawatofautishaje ukiwa juu ya baiskeli? Huwezi. Shuka. Subiri atue. Mwenye sumu ana madoa meusi kadhaa katikati ya bawa la nyuma, na kifua chake ni cheusi kimenyunyiziwa nukta nyeupe kama kitambaa cha kilemba. Muigaji ana doa moja tu jeusi, karibu na ukingo wa mbele wa bawa la nyuma. Doa moja, kama alivyosema yule mtoto. Leo tumeona wenye sumu tisa na muigaji mmoja. Na ndivyo inavyotakiwa iwe, maana waigaji wakizidi, ndege watagundua wanadanganywa.

Yule mwanafunzi sasa ni mtu mzima. Nilimtafuta, nikampigia simu, nikamwambia: mwanangu, lile doa ulikuwa na haki. Akaniuliza doa gani. Alikuwa ameshasahau, mimi ndiye niliyebaki nalo.

Tuendelee, maana naona mwenyekiti anatazama saa.

Ua wa pili ni ule wa kuzunguka. Na hapa sisemi makuti tu, nasema kila kile kinachobaki pembeni: ukingo wa shamba, mpaka wa mtu na mtu, kichaka kilichosahauliwa kati ya njia na mikorosho. Mliona wenyewe kuanzia saa nne kusi ilipoanza kuvuma. Maua ya katikati ya uwazi yalibaki yanatikisika peke yake. Vipepeo wakahama, wakaenda upande wa pili wa vichaka, mahali upepo haufiki. Ukitaka vipepeo mwezi wa Juni na Julai kwetu, usiulize maua yako wapi tu, uliza upepo unatoka wapi, kisha pita upande ambao haupigwi.

Na ukingo una mambo zaidi ya kujikinga upepo. Pale kwenye shamba la yule mzee tuliyeomba maji, mpakani palikuwa na marejea yaliyokauka, yamebaki vijiti na maganda yanayolia kama njuga. Maua hayana. Lakini vipepeo wa chungwa watano walikuwa wameng'ang'ania vile vijiti vikavu, wanakwaruza na kunyonya. Kijana mmoja akasema wamechanganyikiwa na jua. Hawajachanganyikiwa. Ni madume, wale wenye sumu niliowaeleza. Ndani ya marejea kuna kemikali wanayoihitaji kutengeneza harufu ya kuvutia majike. Bila marejea, au mimea mingine yenye dawa ile, dume anakwenda kuposa bila manukato. Mzee alipoambiwa habari hiyo alicheka mpaka akakaa chini, akasema alipanda marejea kurutubisha udongo, hakujua anauza udi.

Na mijohoro ile iliyopandwa kando ya barabara kwa ajili ya kivuli? Wako vipepeo weupe wenye ukijanijani ambao watoto wao hula majani ya jamii hiyo. Hupita makundi makundi, wote uelekeo mmoja, kama wameitwa mkutanoni. Bibi yangu alikuwa akisema kipepeo akiingia ndani mgeni anakuja. Siku wanayopita wale, bibi angepika sufuria tatu.

Naona mikono. Ngojeni, niseme la tatu, halafu maswali.

La tatu ni ua!

Hili ni kosa langu mimi. Nyuma ya nyumba yangu nina midimu miwili. Mmoja mkubwa, mmoja mche niliouotesha kwa mbegu mwenyewe. Mwaka fulani nikaona majani ya mche yanaliwa. Nikaangalia, nikaona vitu kama mavi ya ndege juu ya majani, vyeusi na baka jeupe. Nikavigusa, vikatembea. Na pembeni yake viwavi wakubwa, kijani, wanene kama kidole. Nikamgusa mmoja kwa kijiti, akatoa pembe mbili za rangi ya chungwa kutoka nyuma ya kichwa, na harufu ikatoka, kali kama ndimu iliyooza. Nikashtuka. Nikamwita mjukuu wangu, nikamwambia: ua. Kila mmoja shilingi 100.

Kwa siku mbili mtoto alinimaliza pesa. Alikuwa hodari. Kandambili mkononi, pa! pa! Akamaliza mche, akahamia mdimu mkubwa. Nikamlipa kila kichwa, nikampa na pipi.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja jioni mtoto amekaa barazani, anaangalia maua yangu kwenye makopo, ananiuliza: "Bibi, wale vipepeo weusi wa manjano wamekwenda wapi?" Nikaanza kumjibu. Nikamjibu nusu sentensi. Halafu nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeona jibu linakuja, na lilikuwa limevaa kandambili.

Ni haohao. Papilio demodocus. Yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano na jicho jekundu nyuma, anayetikisa mabawa hata akiwa anakula, kama mama anayepepeta mchele. Yule kwenye maua, na yule kwenye ndimu mwenye pembe, ni mtu mmoja. Akiwa mdogo anajifanya mavi ya ndege ili ndege asimle. Akikua anakuwa kijani ili afanane na jani. Ukimgundua anatoa pembe na harufu kukutisha. Amejipanga dhidi ya kila adui, isipokuwa mwalimu wa sayansi mwenye shilingi 100.

Nimefundisha ubaoni miaka mingapi: yai, kiwavi, pupa, kipepeo? Nimechora duara na mishale, nimewapa watoto alama. Na nyumbani kwangu sikuuona mshale.

Nauliza, ndugu zangu: tunaposema tunapenda vipepeo, tunampenda nani? Ua la kishona nguo kwake ni mgahawa. Anaingia, anakunywa, anaondoka. Jani ndilo nyumbani kwake, ndipo alipozaliwa, na ndipo jike atakaporudi kutaga. Atalikwaruza kwa miguu, ataonja, akijua ni jani lenyewe ataweka yai, moja hapa, moja pale. Tukipanda maua ya dukani mbele ya nyumba na kufyeka kila kitu nyuma ya nyumba, tumefungua mgahawa katika mji usio na nyumba hata moja.

Mche wa ndimu unaweza kufa kwa viwavi, hilo sibishi. Sasa nafanya hivi: nawachukua kutoka kwenye mche kwa jani lao, nawahamishia kwenye mdimu mkubwa. Mdimu mkubwa unawavumilia, na ndimu unazaa vilevile. Na ule moto wa kusafishia mashamba wa Agosti na Septemba, wa kuchoma mpaka mpakani, unapita juu ya pupa waliojining'iniza kwenye vijiti wakisubiri mvua. Nimemaliza hapo, wakulima mnajua moto wenu kuliko mimi.

Maswali. Baba, sema.

Anauliza kama vipepeo wana pesa. Nilijua litakuja, hapa ni Mtwara. Ndiyo, wako waliofanya. Gede kule Kenya, pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, wakulima walianza mwaka 1993 kufuga viwavi na kuuza pupa nje, kwa watu wenye nyumba za vioo za kuonyesha vipepeo. Kwetu Tanzania walifanya hivyo Amani, Usambara Mashariki, na mpaka mikeka ya nyumba ikanunuliwa kwa pesa za pupa. Halafu mwaka 2016 serikali ikazuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na pupa naye akaingizwa humo. Unguja, pale Pete karibu na Jozani, mgeni anakuja mwenyewe kuwaona. Kwa hiyo pesa ipo, lakini usiuze mkorosho wako kesho asubuhi.

Mwingine? Mama anauliza kama anaweza kujifunza akiwa hajui baiskeli. Mama, kuna Phoenix pale imeegemea ukuta, ni yangu, mlingoti haupo tena siku hizi, utapanda bila kupinda kama kaa. Baada ya mkutano, njoo.

Wa mwisho. Mtoto huyu. Anauliza pembe zile zinauma? Haziumi. Zinanuka tu.

Sasa naacha kusema. Nyuma ya nyumba ya mwenyeji wetu, karibu na choo, kuna mdimu. Asubuhi nilipokwenda kunawa niliona viwavi saba, watano bado mavi ya ndege, wawili wameshakuwa kijani. Sikumwambia mtu. Twendeni tukawahesabu. Wenye kandambili, ziacheni hapa mkekani.

(Tuliwakuta sita. Jogoo wa mwenyeji alikuwa karibu mno na shina.)